Kifungo Ameshushwa Sakafuni

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu kabla ya jambo lolote. Mgongo wako umepoa? Mara ya mwisho ulisema kuwainua wazee wa watu kutoka kitandani hadi kwenye kiti kunakukata kiuno, na kwamba siku nyingine unalala na viatu miguuni kwa sababu huwezi kuinama kuvivua. Jipumzishe, mama. Hao wazee wana watoto wao, na sisi tunaye mmoja tu wa aina yako.

Huku tunaendelea. Baba anakohoa kidogo asubuhi, lakini akishika mkasi, kikohozi chenyewe kinamheshimu. Mimi macho yameanza kuniletea kiburi. Sindano nikiidondosha juu ya kitambaa cheusi naitafuta kwa kupapasa kama mlevi anayetafuta ufunguo. Kifungo wetu, mwanao, ana meno sita, anakula vizuri, analala vizuri, na amejifunza kumvuta babu yake miwani.

Nilitaka kuandika kwamba Kifungo hajambo kabisa, kalamu ikakataa. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu sikukupigia simu. Kwenye simu nimeshakudanganya mara tatu, na najua ningekudanganya ya nne, kwa maana sauti yako ikichangamka mimi nakosa moyo wa kuizima. Karatasi haina sauti. Tafadhali kaa chini, usisome ukiwa umesimama kwenye korido ya kazini.

Mwezi wa tatu uliponiuliza, nilikwambia anatambaa. Mwezi wa nne nikakwambia anashika kiti na kujiinua. Mwezi uliopita nikakwambia bado kidogo tu atatembea, nawe ukalia kwa furaha na kusema utaanza kuulizia nafasi yake kwenye ile chekechea ya kazini kwenu inayopokea watoto wanaotembea tu. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu siku ulipoondoka na kumwacha ana miezi minne: akianza kutembea, unakuja kumchukua. Mdogo wangu, mtoto hakuwa anatambaa. Alitimiza miezi kumi na moja akiwa hawezi kukaa peke yake hata kwa muda wa kuvuta uzi kwenye tundu la sindano. Nikimwondolea mto, alianguka ubavuni na kubaki hapo hapo, akitazama ukuta.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Unaijua nyumba hii. Unajua tulivyokua na sheria ya Baba kwamba mtoto wa fundi haguswi na sakafu. Kovu la chini ya goti lako la kulia unaliona kila ukioga, na umeambiwa kwamba ulikuwa unatambaa ukachomwa na sindano. Usiloambiwa ni kwamba sindano ile ilikatikia ndani, kwamba Baba alikukimbiza hospitali mikononi akiwa peku, na kwamba yeye ndiye aliyeidondosha. Alikuwa anashona suti ya bwana harusi, ana haraka, akasema ataiokota baadaye. Mimi nilikuwa na miaka saba, nilimsikia akisema hivyo. Tangu siku hiyo hajawahi kulizungumza, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyewekwa chini katika nyumba hii.

Kwa hiyo Kifungo naye alikaa juu. Mchana alikaa ndani ya lile beseni kubwa la bluu la kufulia, nimelitandika mito pande zote, akatulia humo kama andazi. Nikichoka kumtazama kwenye beseni, nilimtia kwenye kile kigari cha magurudumu ulichotuma, ananing'inia hapo na viatu miguuni, ncha za vidole zikigusa chini, nami nashona. Wateja walikuwa wakiingia wanasema, mtoto huyu mtulivu jamani, hana usumbufu. Nami nilijivuna. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mimi nilijiona nimeiweza kazi hiyo bila jasho.

Aliyenizindua ni muuguzi wa chanjo. Alimkalisha Kifungo kwenye meza, akamwachia kidogo, akamdaka. Akarudia. Akaandika kikaratasi na kunielekeza chumba cha mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwisho wa korido. Kumbe ni bwana mmoja mnene, ana mikono kama ya mwokaji mikate, anaongea polepole. Aliniuliza mtoto anashinda wapi. Nikamwambia, kwenye beseni. Akauliza beseni la namna gani. La kufulia, nikasema. Nilitegemea angecheka, hakucheka.

"Na sakafuni?"

"Sisi ni mafundi cherehani," nikamjibu. "Sakafu yetu ina pini."

Akasema, "Mama, kichezeo cha kwanza cha mtoto ni sakafu. Huyu hajawahi kupewa."

Waliita daktari akamkagua nyonga, mgongo, macho, wakamgonga magoti kwa kinyundo. Namshukuru Mungu, hawakuona ugonjwa. Walisema misuli yake ni ya mtoto ambaye hajawahi kuhitaji kuitumia. Mguu wa kushoto ni mzito kuliko wa kulia, na hapo hawakuniahidi kitu. Walisema tufanye kazi miezi minne, kisha mwezi wa nane watampima tena. Niliwauliza kama atatembea. Yule bwana akasema, nadhani atatembea. Nilitaka aseme tu atatembea, lakini ile nadhani aliitanguliza, na mpaka leo nalala nayo.

Siku hiyo hiyo aliniambia nirudi na vichezeo vyote vilivyomo nyumbani. Hapa nisamehe, maana utaumia. Vingi kati ya ulivyotuma vilikuwa kabatini nyuma ya kioo, vingine havijatolewa hata kwenye plastiki. Tuliviweka wageni waone kwamba mtoto ana mama anayemjali. Nilivitia vyote kwenye gunia la vitambaa nikaenda navyo, na yule bwana akaketi mkekani, akaanza kuvichagua mafungu mawili.

Lile gari linaloimba alilibonyeza, likazunguka chumba kizima likiwaka taa na kupiga kelele. Kifungo akalitazama mdomo wazi. Bwana akaniuliza, "Hapo anayefanya mazoezi ni nani?" Nikasema, gari. Akaliweka fungu la kushoto. Kigari cha magurudumu nacho kikaenda kushoto, tena hicho alikisukuma kwa mguu. Alisema kinamsimamisha mtoto ambaye hajajua kukaa, kinamfundisha kukanyaga kwa ncha za vidole, na kinamnyima kuanguka, na mtoto asiyeanguka hajui kujishika. Najua kilikugharimu. Najua pia ulikitafuta wiki mbili. Hukukosea kupenda, mdogo wangu, ni sisi wawili hatukujua.

Yule dubu wa manyoya alinipa mimi. Akasema, "Wewe ni fundi, mkague kama unavyokagua kazi ya mwenzako." Nilimgeuza, nikavuta mshono, nikavuta masikio, kisha nikavuta jicho. Jicho likabaki mkononi mwangu. Lilikuwa kifungo, limeshikizwa kwa uzi mmoja ambao mimi ningeona aibu kuutumia hata kwenye mfuko wa unga. Kinachoweza kuingia chote mdomoni si kichezeo, alisema, ni hatari iliyopakwa rangi. Nyumba yetu ina vifungo kwa maelfu, na Kifungo mwenyewe haruhusiwi kushika hata kimoja. Tulicheka wote wawili, ikawa mara yangu ya kwanza kucheka tangu asubuhi. Yule dubu nimemdarizi macho mapya kwa uzi, yamekaa kombo kidogo, anaonekana kama anakudai.

Fungu la kulia lilikuwa dogo. Zile pete tano za mbao za kupachika kwenye kijiti, ule mpira laini wenye vinundu, na kile kioo kisichovunjika cha kusimamisha sakafuni. Hivyo vitatu ulivichagua vizuri mno, na yule bwana alisema nikufikishie. Pete mtoto anaishika kwa mkono mzima, anaihamishia mkono wa pili, anaitafuna, anaidondosha, anaiinamia, na kila mara kiuno kinafanya kazi. Kioo kinamfanya ainue kichwa akiwa kifudifudi, kwa sababu mle ndani kuna mtoto mwenzake. Kichezeo kizuri, alisema, ni kile kisichofanya lolote mpaka mtoto akichezeshe.

Basi nikarudi nyumbani na kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, yaani Baba. Nilimweleza yote. Akasikiliza, akakata kola tatu bila kuinua uso. Halafu akasema, "Ukimweka chini, mimi nahama." Ana miaka sabini na nne, sijui angehamia wapi, lakini hakuwa anatania. Kwa siku mbili alikuwa akimbeba Kifungo mwenyewe, asubuhi mpaka jioni, huku miguu inamtetemeka.

Siku ya tatu niliifunga kazi. Niliandika kibao mlangoni kwamba hatupokei wateja, nikatoa cherehani zote mbili na meza ya kukatia nikazipeleka chumba cha mbele, ambako sasa ndiko tunakoshonea, tumebanana kama sare za shule kwenye rafu. Chumba cha nyuma nikakifagia mara nne. Kisha nikachukua ile sumaku ya spika mbovu tunayookotea pini, nikaifunga kwenye mpini wa ufagio, nikaipitisha kila pembe, kila ufa, chini ya kizingiti. Mdogo wangu, kopo la maziwa lilijaa nusu. Kulikuwa na pini zenye kutu ambazo lazima zilianguka wakati wa marehemu mama.

Lakini sumaku ni sumaku, haioni kila kitu, na nilijua Baba hatakubali neno la sumaku. Nikakunja gauni juu ya magoti, nikapiga magoti mlangoni, nikaanza kutambaa. Chumba kizima, mstari kwa mstari, viganja na magoti matupu, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili. Nilichomwa mara mbili. Mara zote mbili niliokota, nikatia kwenye kopo, nikaanza upya kutoka mlangoni. Siku ya pili yake, karibu na adhuhuri, nilikimaliza chumba chote bila kuchomwa. Kugeuka, namwona Baba amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amekaa hapo muda gani. Akavua viatu, akashika fremu ya mlango, akashuka chini goti moja baada ya jingine, akaanza kutambaa nyuma yangu. Alilia, mdogo wangu. Alitambaa chumba kizima huku analia na hakutaka nimshike mkono. Alipofika ukutani akasema, "Mlete."

Wiki ya kwanza ilikuwa ya machozi. Kifungo alipowekwa kifudifudi alipiga kelele kama tumemtupa. Hapo Baba akavumbua jambo lililomshangaza hata yule bwana wa hospitali. Alishona mto wa mviringo, mnene kama paja langu, akaujaza vipande vya kitambaa akavishindilia mpaka ukawa mgumu, akamlaza mtoto kifuani juu yake, mikono ikiwa mbele. Kwa mto ule Kifungo aliona dunia. Aliacha kulia, akaanza kuinua kichwa, kisha akaanza kujisukuma kwa viganja. Mimi nikatunga vile vibiringo vya mbao vya kuzungushia uzi, sita vitupu, kwenye kamba nene na fupi isiyoweza kumzunguka shingo, nikafunga mafundo ambayo hata mimi siwezi kuyafungua. Kila siku navivuta kwa nguvu zangu zote kabla sijampa. Navyo namwekea mbele, si mkononi. Yule bwana alinisisitizia hapo: ukimpa mtoto kitu mkononi umemnyima safari. Kiweke pale anapokaribia kufika, kesho kisogeze shibiri moja.

Ni kazi ya kuchosha, lakini imezaa. Wiki ya nne alikaa peke yake, mikono chini kama chura. Wiki ya tano akainua mkono mmoja ashike pete. Wiki ya sita akaanza kutambaa, ila kinyumenyume. Anakiona kibiringo, anakitaka, anajisukuma, halafu anakiona kinamwendea mbali, anakasirika. Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Na Alhamisi iliyopita akaja mbele. Nilikuwa nimeweka vibiringo katikati ya mkeka, nami nimekaa upande wa pili nashona pindo. Alisogea, akapumzika, akasogea. Mguu wa kushoto bado anauburuta. Akavifikia vibiringo, akavitazama, akavipita. Akaja mpaka kwangu, akashika gauni langu kwa mikono miwili na kujivuta juu, akapiga magoti. Nilimuuliza yule bwana kwa nini aliviacha. Akasema vichezeo vyote ni chambo tu, mtoto humwendea mtu.

Nililia kwa furaha, na katikati ya furaha ile nikajiona mwizi. Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia hata Baba. Pini zilikuwa za kweli, na hofu ya Baba ilikuwa ya kweli. Lakini chumba kile kilichukua siku moja na nusu kusafishika. Siku moja na nusu tu, na mimi nilikuwa na sumaku miaka yote. Nilipomtazama Kifungo ametulia kwenye beseni, kuna mahali moyoni mwangu palipotulia pia, kwa sababu asiyetembea hachukuliwi. Mimi sikujaliwa mtoto, unajua. Sikuwahi kusema hata kimoyomoyo kwamba asitembee. Ila sikuharakisha. Nilikudanganya kwenye simu ili usishtuke, na huku nyumbani nilikuwa namchelewesha ili usije. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha huu vya kutosha. Ukinikasirikia, una haki. Ukikaa mwezi mzima bila kunipigia, nitajua kwa nini.

Baba anakusalimu na anasema usitume kichezeo kingine, na kama mkono unakuwasha, nunua dawa ya mgongo wako. Mjomba na mkewe wanakusalimu, juzi walituletea mkeka mnene wa kutandika chumba cha nyuma. Mama wa duka la jirani, aliyekuwa akimsifu mtoto kwa utulivu, sasa analalamika kwamba anapiga kelele, nami namjibu kwamba hiyo ndiyo afya. Nisalimie yule mwenzako unayelala naye chumba kimoja, mwambie namshukuru kwa kukukanda.

Na sasa ombi langu. Yule bwana anasema, tukiendelea hivi, huenda Kifungo akapiga hatua mwezi wa tisa. Anasema huenda, nami nimejifunza kuliheshimu neno hilo. Mapatano yetu yalikuwa kwamba atembee kwanza ndipo uje. Nayavunja. Omba ruhusa kuanzia sasa, njoo mwishoni mwa mwezi wa nane, uende naye mwenyewe kwenye kile kipimo, kisha ukae nasi mpaka asimame. Hatua ya kwanza sitaki aipige kuja kwangu. Mungu akufungulie njia, awalainishe wakubwa wako wa kazi, akufikishe salama. Utapiga magoti upande ule wa mkeka umwite. Mimi nitakuwa nyuma yake nimemshika kwapani, na ukimwita, nitamwachia.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda.